Mashavu ya Bibi Randa

4 Februari

Shemeji Fundi,

Flashi imefika. Kondakta wa basi alinikabidhi ikiwa ndani ya soksi ya mtoto, soksi ndani ya bahasha, na bahasha yenyewe umeizungushia gundi ya karatasi mpaka nikaikata kwa kisu cha jikoni. Dada yako aliuliza kama umenitumia figo. Nikamwambia hapana, ni kurasa za kwanza za kitabu chetu. Akasema afadhali ingekuwa figo.

Nimezifungua zote. Sasa kazi, tena kwa sheria yetu tuliyojiwekea baada ya ule ugomvi wa kwenye simu: maoni yanaandikwa kwenye karatasi, yanatiwa sahihi, na mtu anasema anachokiona, si anachokihisi. Ukihisi kunitukana, hasira zako zisubiri basi la wiki ijayo.

Ninachokiona ni ubuluu. Ukurasa wa kwanza, Bibi Randa amesimama mlangoni mwa karakana yake ya useremala, saa nne asubuhi, jua kali, na mbao nyuma yake zina rangi ya samaki aliyelazwa kwenye barafu. Ukurasa wa tatu, mteja amekuja kulalamika kwamba kitanda kimevunjika, na mteja mwenyewe anaonekana kama kaopolewa baharini jana. Ukurasa wa saba sikuelewa kama tuko uani au tumeingia ndani ya friji. Mistari ni yangu, naijua, niliichora ikiwa mchana.

Ninachokiona kizuri ni mikono. Sijui umefanyaje vile vivuli kwenye vifundo vya vidole vya Bibi. Nilivichora kwa mistari minne tu, wewe umevitia miaka sabini ya kupiga randa.

Shemeji, hiki si kile kipande chetu cha katuni cha ukurasa wa mwisho wa jarida, ambacho watu wakishacheka wanafungia vitunguu. Hiki ni kitabu. Mhariri ameahidi jina lako litakaa kwenye jalada chini ya langu, kwa herufi zinazolingana. Kwa hiyo nipe jua.

Msalimie mama mkwe. Bado anakataa kwamba Bibi Randa ni yeye? Mtoto hajambo, ana wiki tano na sauti ya mnadi nguo. Dada yako mshono wake haujafunga vizuri. Daktari amemkataza kusafiri, kuinua ndoo na kukasirika. La tatu limemshinda.

Wako katika mistari,
Wino


11 Februari

Shemeji Wino,

Nimesoma. Nimekunywa maji. Nimesoma tena.

Ubuluu uko machoni mwako. Hapa kwangu mbao zina rangi ya asali, na yule mteja ana afya kukushinda wewe. Nadhani tatizo ni hiyo kompyuta yako uliyouziwa na mtu aliyekuwa anahama kwa haraka, na sisi hatukujiuliza haraka ya nini. Hata hivyo sheria ni sheria: nimeongeza umanjano kidogo kwenye kurasa zote na nimeweka nyingine kumi. Ukiona buluu tena, nenda kwa daktari wa macho na umwonyeshe barua hii.

Kuhusu mikono, asante. Usinizoeze.

Mama bado anakataa. Juzi niliigeuza skrini nikamwonyesha Bibi Randa usoni kabisa. Akamtazama weee, akasema, "Huyu mwanamke ana pua mbaya."

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni pua yako."

"Yangu ninayo hapa. Huyo shemeji yako siku ya kwanza alipokuja nyumbani alinikodolea macho kama anapima mlango. Nilijua tu kuna kitu anaondoka nacho."

Halafu akauliza kitabu kinatoka lini. Kwenye skrini hataki kukiona. Anasema ni kama kuangalia nguo kwenye dirisha la duka. Anataka akishike. Akiweke kifuani, aite majirani wale waliokuwa wanasema binti yake mtu mzima anashinda anapaka rangi kama mtoto wa chekechea, awaonyeshe jina langu kwa kidole. Ameshachagua hata atakayeanza kumwita. Kwa hiyo muulize Mhariri tarehe. Nisipomletea kitabu hicho mkononi, hatanisamehe, na mimi sitajisamehe.

Mifupa inamsumbua kidogo, baridi tu. Usimtie dada wasiwasi.

Fundi


17 Februari

Ndugu Mchoraji,

Barua hii nimeiandika mara kadhaa nikaichana, kwa hiyo utaniwia radhi ikiwa fupi.

Wenye kampuni wamefunga. Jarida halitatoka mwezi ujao wala mwezi mwingine wowote. Idara ya vitabu, ambayo kwa kweli ilikuwa mimi na kabati, imefungwa pia. Kitabu cha Bibi Randa hakitachapishwa. Nilijaribu kuwaeleza kwamba huyo mama ndiye aliyewauzia jarida miaka yote hii. Mkurugenzi mpya akaniuliza Bibi Randa ni nani. Nilipomweleza, akasema, kama ni mfanyakazi wa zamani, aandike barua aombe barua ya utumishi.

Michoro na rangi ni mali yenu, hakuna atakayewasumbua. Naomba umjulishe na shemeji yako anayepaka rangi. Najua alivyojituma.

Nitakuwa hapa mpaka mwisho wa mwezi nikifunga maboksi. Baada ya hapo nitakuwa kwa kaka yangu, nimsaidie dukani. Ni duka la vyombo vya plastiki. Hakuna cha kuhariri.

Kwa masikitiko,
Mhariri


19 Februari

Mheshimiwa Mhariri,

Asante kwa kunieleza bila kuzunguka. Nina ombi moja: usimwambie mtu.

Mke wangu ana mshono mbichi na mtoto mchanga. Kila asubuhi ananiona naketi mezani, anasikia kalamu inakwaruza, anapata usingizi. Leo nilikaa nikachora kiatu changu, nikakichora tena, ili kalamu isikike. Shemeji naye siwezi kumwambia, maana nikimwambia yeye, dada yake atajua kabla gundi ya bahasha haijakauka. Wale wawili hawana siri hata moja baina yao.

Nitatafuta mchapishaji mwingine. Lakini siwezi kwenda kwa mtu na kitabu nusu, tena chenye ubuluu. Kazi ikikamilika, ikiwa haina hata doa, nani atakataa? Kwa hiyo tutaendelea kama kawaida, naye nitampa maoni kama kawaida. Mambo yakikaa sawa nitawaambia wote wawili kwa pamoja, tucheke.

Kaka yako nampa hongera. Sahani watu watanunua daima.

Wino


24 Februari

Shemeji Fundi,

Kwa daktari wa macho sijaenda, lakini kurasa zako nimezifungua kwenye kompyuta yangu, kwenye simu ya dada yako, na kwenye kompyuta ya duka la intaneti la hapa chini. Kijana wa pale alizitazama bila kuulizwa akasema, "Hii hadithi ya majini, sio?" Buluu, shemeji. Kote buluu. Umanjano ulioongeza umefanya wale waliozama waonekane wamezama kwenye bwawa badala ya bahari.

Ndani ya bahasha nimeweka ukurasa wa saba niliouchapa kwenye karatasi nzuri. Uweke kando ya skrini yako, kwenye mwanga wa dirisha, uvitazame vyote viwili kwa pamoja. Halafu niambie hiyo skrini umeifanya nini. Mtu anayepaka mikono kama ile hawezi kukosea mbao. Kuna kitu hapo kwako ambacho mimi sikioni.

Mhariri hajasema tarehe. Anasema tusiharakishe, ubora kwanza.

Mtoto ameanza kucheka. Anamcheka baba yake akiwa kazini.

Wino


4 Machi

Shemeji,

Nimefanya kama ulivyosema. Niliiweka karatasi kando ya skrini, nikafungua pazia ili niwe na mwanga, nikaona. Nilicheka peke yangu mpaka Mama akauliza nani kafa.

Ni ule mwanga wa njano. Kompyuta ina kitufe kinachoifanya skrini iwe ya njano njano, isiumize macho. Nilikiwasha mwezi wa kwanza, macho yalikuwa yananisumbua, nikasahau. Kwa hiyo kila rangi niliyoweka nilikuwa naitazama kama mtu aliyevaa miwani ya asali. Mbao zikinitokea nyekundu mno, nazipunguza. Nyuso zikinitokea za moto mno, nazipooza. Nilikuwa nasawazisha kosa ambalo halikuwepo. Nikizima kitufe, naona ulichokuwa unaona: bahari na maiti zake. Yule kijana wa intaneti mwambie namwomba msamaha mimi binafsi.

Sasa narudia kurasa zote kuanzia ya kwanza. Haziokoleki kwa kugeuza kitu kimoja. Kila mahali nilipooza kivyake. Nitafanya haraka. Mwanga sasa naupata vingine, usijali.

Lakini na wewe nifanyie moja. Mhariri mwambie ubora ataupata, mimi nataka tarehe. Mama anauliza kila asubuhi, kabla hata hajaniuliza nimelalaje. Nisaidie, shemeji.

Fundi


5 Machi

Kwako Mhariri,

Hatujawahi kuonana. Mimi ndiye mpaka rangi wa Bibi Randa, shemeji wa yule unayemwita Ndugu Mchoraji. Nakuandikia bila yeye kujua, na naomba abaki hivyo hivyo.

Shemeji nimemdanganya kwamba skrini niliifanya ya njano kwa sababu ya macho yangu. Ni macho ya mama yangu. Tangu Januari nimehamishia meza yangu chumbani kwake, maana hawezi kuachwa, na mwanga mweupe wa kompyuta ulikuwa unamchoma. Nikafunga mapazia, nikaitia skrini unjano, tukakaa hivyo. Hospitali walishasema tumrudishe nyumbani. Daktari alinishika bega akasema sasa tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Alikuwa mdogo kuliko mimi, nikamwonea huruma.

Mama amenikataza kumwambia dada. Dada ana mshono. Akisikia atapanda basi siku hiyo hiyo. Dada akipiga simu, Mama anaomba nimwinue, anasafisha koo, anatoa sauti kama yuko harusini. Akikata anazimia kwa uchovu. Shemeji naye simwambii, kwa sababu uso wake hauwezi kumficha mke wake hata bei ya sabuni.

Anachosubiri ni kitabu. Sielewi kwa nini kitabu na si kitu kingine, ila ndicho. Anataka akishike chenye jina langu. Nimeketi naye chumba kimoja mchana kutwa nikiwa nimempa mgongo ili kiwahi. Nakuomba, sijui mambo ya mitambo yenu yanavyokwenda, lakini kama inawezekana kutoa kimoja kabla ya vingine, hata kama jalada ni jepesi, hata kama kimekatwa vibaya, nitumie hicho. Kimoja tu. Kurasa zitakuwa tayari mwisho wa mwezi.

Mpaka rangi


15 Machi

Shemeji Fundi,

Jua limechomoza! Nimefungua ukurasa wa kwanza nikatamani kuvaa kofia. Mbao ni mbao, vumbi la randa linaelea kwenye mwanga, mteja kafufuka na anadai kitanda chake. Nilimwita dada yako aje aone. Alikuja na mtoto begani, akainama kwenye skrini, akasema, "Huyu ni mdogo wangu kweli kafanya haya?" Nimekuandikia alivyosema. Usimwambie nimekuambia.

Sasa, ninachokiona. Kila kitu kimepona isipokuwa Bibi mwenyewe.

Mwanzoni nilidhani ni mabaki ya ule unjano, lakini sivyo. Ukuta ulio nyuma yake uko sawa, gauni liko sawa. Ni ngozi yake tu. Mashavu ya kijivu, kama jivu lililopoa. Chini ya macho kuna zambarau. Midomo haina damu. Na kadiri ninavyofunua kurasa ndivyo inavyozidi: ukurasa wa kumi anaonekana amechoka, wa thelathini anaonekana mgonjwa, na kwenye ule wa mwisho, anapompiga diwani kwa ubao na watu wote wanacheka, anaonekana kama analiaga jua. Ni hadithi ya kuchekesha, shemeji. Watu hawawezi kucheka wakiwa wanamwonea huruma.

Nisikilize. Ngozi ya mama yako ni ile ya hudhurungi yenye wekundu kwa ndani, kama udongo wa tofali uliolowa. Umeisahau? Yuko hapo hapo nawe chumba cha pili, kanyanyuke ukamtazame vizuri halafu rudi mezani. Zipake nyuso zake zote upya, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Najua ni kazi. Lakini mchapishaji yeyote akifungua kitabu kitu cha kwanza anatazama uso.

Mhariri anasema hivyo pia.

Wino


22 Machi

Shemeji,

Maoni yako ni sahihi. Nimemtazama, kama ulivyoniambia.

Nilikuwa sijui nafanya hivyo. Nikifika kwenye uso wa Bibi, huwa nageuka namtazama Mama, narudi kwenye skrini, nachanganya rangi. Ni mazoea ya siku zote. Mwanga huku si mzuri siku hizi, labda ni hilo. Sasa nimetoa ile picha ya ukutani aliyopiga siku ya kuhitimu dada, akiwa amevaa gauni la kijani, nimeiegemeza kwenye kompyuta na nachukua rangi kwake. Ule wekundu wa tofali uko pale. Sikuukumbuka.

Jana aliniuliza, "Unampaka nani saa zote hizo?"

Nikasema, "Wewe."

Nilingoja aseme lile la pua. Badala yake akasema, "Basi kama ni mimi, mpake vizuri. Asionekane mgonjwa mbele za watu."

Kwa hiyo wewe na yeye mna maoni mamoja, na mimi ni mmoja, nimeshindwa kura.

Nimemwambia kitabu kinatoka Aprili mwanzoni. Hilo nimelisema mimi, Mhariri hajalisema. Usinifanye mwongo.

Fundi


3 Aprili

Kwako Dada Mpaka Rangi,

Shikamoo kama unanizidi, na kama nakuzidi basi hujambo.

Mimi ni mlinzi wa jengo hili. Nakurudishia barua yako uliyoituma kwa Mhariri. Hapa hakuna jarida tena. Walifunga Februari, wakatoa maboksi, na ghorofa yote sasa kuna wauza matairi. Wale wa matairi waliikuta barua chini ya mlango wakaiwekea glasi ya chai juu, ndiyo maana ina duara.

Sikuifungua. Ila pembe moja ililiwa na panya, nikaona neno "mama" na neno "nakuomba". Nikasema hii isikae hapa. Anwani yako iko nyuma, nimempa mtu wa basi.

Mhariri alikuwa mtu mwema. Alipoondoka kwenda kumsaidia kaka yake kuuza mabakuli ya plastiki aliniachia kiti chake, na ndicho nilichokalia nikikuandikia. Aliniambia kile kitabu chenu kimekufa, na kwamba alishamwandikia mchoraji barua tangu Februari, kwa hiyo naamini habari unazo.

Mama apone.

Mlinzi, zamu ya mchana


17 Aprili

Shemeji yangu,

Tumefika salama. Mtoto alilala njia nzima, dada yako hakulala kabisa.

Sijui nianzie wapi. Pale msibani ulikuwa umezungukwa na watu, na kila nilipokukaribia ulikuwa unampelekea mtu kiti. Nilidhani unanikimbia, halafu nikajiambia kila mtu ana namna yake ya kulia.

Dada yako anajiuliza kwa nini hukutuambia kwamba Mama anaumwa. Mimi nimemwambia asikulaumu, hilo lilikuwa agizo la Mama na agizo la Mama halivunjwi. Anarudia jambo moja tu: "Afadhali mdogo wangu alikuwa naye. Angalau alimshika mkono." Analisema akinyonyesha, analisema akifua. Nadhani ndilo linalomshikilia. Nakushukuru kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika.

Kurasa zako za mwisho ziliningoja kwa mtu wa basi. Nimezitazama zote. Shemeji, sina la kusema. Mashavu ni yenyewe. Ni yeye kabisa, kama anataka kunifokea kwa kumwibia pua. Nimetafuta kasoro kuanzia asubuhi, kwa ajili ya heshima ya kazi, sikuiona.

Mhariri amekutumia pole nyingi. Anasema uchukue muda wako, kitabu kitakungoja.

Wino


26 Aprili

Shemeji,

Mhariri hajanitumia pole. Mhariri anauza mabakuli. Barua niliyomwandikia Machi imerudi, ina duara la chai na imeliwa na panya, ikiwa na maneno ya mlinzi anayeamini kwamba habari ninazo. Ilifika siku ya pili baada ya kuzika. Nilipokuwa nagawa viti ilikuwa mfukoni mwangu.

Kwa hiyo ulijua tangu Februari. Uliponiambia ubora kwanza, ulijua. Uliponiambia nizipake nyuso zote upya, ulijua. Nimejaribu kukuchukia kwa wiki nzima, na naona sina pa kusimama, maana Machi mimi nilikuwa na neno moja la kukuambia, na ungemleta dada, mshono au bila mshono, akamkuta mama yake anaongea. Sikulisema. Nikakuandikia habari za kitufe.

Ila nitakueleza siku ile, kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumweleza.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa ukurasa wa mwisho, ule wa diwani na ubao, nimebakiza shavu la kushoto. Mama akaniita. Hakuita kwa uchungu, aliita kama anavyoita siku zote. Akasema, "Njoo ukae hapa kidogo." Nikamwambia, "Nakuja Mama, namalizia shavu." Akasema, "Haya." Nikamaliza. Nikaona kivuli cha sikio hakilingani, nikakirekebisha. Nikakuza uso, nikautazama, nikaona mzuri, nikataka nimgeuzie aone. Nilipogeuka alikuwa amelala. Nikasema acha apumzike, nikarudi kuhifadhi faili. Hakuamka tena mpaka kesho yake alfajiri alipokata roho, na hakusema kitu kingine. Neno lake la mwisho kwangu ni "haya".

Unajua kinachoniumiza kuliko vyote? Zile kurasa za kwanza, zile za buluu, zingetosha. Ungeniambia Februari kwamba hakuna kitabu, ningezipeleka fotokopi hapa mtaani, nikazibana kwa stepla, nikaandika jina langu juu kwa kalamu. Mama asingejua tofauti. Angekishika. Angemwita yule jirani aliyekuwa amemchagua, angewaonyesha watu wote maiti zako za baharini, akasema binti yangu ndiye kafanya. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Nilikuwa na kila kitu kinachohitajika, ila ukweli.

Kurasa usizitafutie mchapishaji. Ulizonazo zifute, mimi zangu nimefuta. Naandika hivi nikijua hutaweza, na mimi mwenyewe nilibonyeza kitufe mara ya tatu ndipo kidole kikakubali.

Usimwambie dada. Lile la mkono aliniuliza siku ya mazishi, nikamwambia ndiyo, niliushika mpaka mwisho. Sasa ndilo analolalia na ndilo analoamkia, umesema mwenyewe, na huwezi kumwondolea kitabu bila kumwondolea na ule mkono. Akijua kitabu hakikuwepo, atauliza basi nilikuwa napaka nini.

Jana alipiga simu. Hakulia. Alisema ameshapata pa kukiweka hicho kitabu, rafu ya juu, mbali na mikono ya mtoto, ili akikua amwone bibi yake. Akauliza kinatoka lini. Nikamwambia, "Tarehe anaijua mumeo."

Atakuuliza akishamlaza mtoto.

Shemeji yako